Harufu Chumbani mwa Jolie

Majira yale ya baridi Dative aliishi kama mtu aliye chini ya maji. Theluji ilifunika Malvern yote, mtaa wao wa ughaibuni, ngurumo za magari zikasikika kwa mbali, na binti yake Jolie, wa miaka kumi na minne, akazidi kunyamaza. Macho yalimwiva. Akiongea, maneno yalimtoka polepole kama ya anayeota. Makopo ya marashi ya kwapa ya kupuliza nayo yalikuwa yakiisha ndani ya siku tatu tu, harufu yake ikijaa chumbani mwake.

Dative alimsimulia Khatija, Mtanzania waliyefanya naye kazi ya kutunza wazee. Khatija akaacha kukunja mashuka.

"Mama Jolie, anavuta gesi ya hayo makopo. Mpwa wangu alianza hivyo hivyo. Moyo unaweza kusimama, hata mara ya kwanza. Ukimkuta, usimkemee. Akishtuka ndiyo hatari. Mpe hewa, kaa naye, piga simu."

Jumamosi mchana alimkuta Jolie ameketi sakafuni, kopo mapajani, akiutabasamia ukuta. Ukelele ulimpanda Dative hadi kooni; akaumeza. Alifungua dirisha. Theluji ikaingia taratibu, ikatua kwenye nywele za Jolie, naye akainua uso kuipokea.

"Mama, ni wewe?"

"Ni mimi. Nipe hiyo."

Akampa. Dative akaita gari la wagonjwa, bila kuuachia mkono wa mwanawe.

Hospitalini madaktari waliusikiliza moyo kwa saa nyingi, wakasema uko salama. Jolie, ambaye siku zote humjibu mama yake kwa Kiingereza, akasema kwa Kiswahili:

"Nikivuta ninaona kwetu Uvira, Kongo. Baba amesimama mlangoni."

Baba yake alizikwa kule Jolie akiwa na miaka minne. Dative alikuwa hamtaji kamwe.

"Mlango una rangi gani?"

"Kijani."

"Ulikuwa wa bluu," alisema Dative. "Sogea nikueleze."

Alieleza mpaka sauti ikamkauka.

Haikuisha siku ile. Jolie alirudia kuvuta mara mbili, na kila Jumatano walikwenda pamoja kwa mshauri. Theluji ilipoyeyuka, Dative alisimama kanisani akawaeleza akina mama yote aliyokuwa hayajui kuhusu makopo yale. Baada ya ibada, mama mmoja alibaki kwenye benchi la nyuma, koti mikononi, kama aliyemtambua mwanawe katika maneno yale. Jolie akaenda, akaketi karibu naye.