Siku Moja Iliyopungua

“Hivi dada Pechi, miaka tisa unasokota uzi na bado kibarua? Hata mchumba wa miaka tisa huoa au hukimbia.”

Rasathi, jirani yake, aliuliza hayo bombani. Pechiyammal, mjane asiyepiga hatua bila kumtaja mungu wake wa kike, Mariamman, akajitwika ndoo yake. “Wangu kakimbia, shoga. Namfuata mahakamani Madurai.”

Sheria ilisema anayetimiza siku mia nne na themanini ndani ya miaka miwili ni mfanyakazi wa kudumu. Kiwanda cha nyuzi kilimwachisha kazi daftari la mahudhurio likisoma siku mia nne sabini na tisa. Akishindwa, nani angemwajiri upya na miaka yake hamsini na miwili?

Meneja Thiruvengadam alileta albamu ya picha, hakimu aone jinsi kiwanda kinavyowapenda vibarua. Zote zilikuwa za sikukuu ya kuombea zana baraka na maandalizi yake: mashine zimepakwa manjano, zimevishwa maua kama maharusi.

Wakili wa Pechiyammal, msichana aitwaye Jothimani, alifunua taratibu. “Huyu anayesugua mashine namba kumi na nne, picha ina tarehe ya siku moja kabla ya sikukuu, ni nani?”

“Ni mama huyuhuyu hapa,” meneja alisema kwa fahari. “Mashine haioshwi na mkono mgeni, ni nuksi. Huoshwa na anayeiendesha, asubuhi mpaka jioni.”

“Tarehe hii daftari lenu linasema hakuwepo.”

“Hakuja kazini. Alikuja kuosha.”

Karani akaficha uso nyuma ya faili. Pechiyammal alijaribu kusali, kicheko kikamponyoka puani.

“Kuosha kutwa nzima, kwenu mnakuitaje?” hakimu aliuliza.

“Ibada, mheshimiwa.”

“Na wewe hapo pembeni mwa picha umeshika saa, unawahimiza waumini?”

Hapo hata mlinzi wa mlangoni alishindwa kujizuia, akaegemea ukuta akicheka.

Mwezi uliofuata hakimu alisoma uamuzi. Ibada ya sabuni na jasho ni kazi. Siku zimetimia. Arudishwe, na awe wa kudumu.

Pechiyammal aliinuka. Akashika benchi, akacheka mpaka machozi. Kisha akajifuta kwa pindo la sari, akamgeukia meneja kwa adabu zote.

“Bwana, Jumatatu nije zamu gani?”

“Ya asubuhi.”

“Na siku ya kuosha mashine, nitasaini daftarini au hekaluni?”

Thiruvengadam akakusanya karatasi zake, akatoka.