Mchele Mlangoni kwa Bhumyal

Majina mawili siyataji kamwe. La kwanza ni la yule kima aliyekuja kuuvunja mlima wetu. La pili ni la mume wangu, kwa sababu ndivyo wanawake wa kwetu tulivyolelewa: ukimtaja mumeo kwa jina, unampunguzia siku. Basi hapa ataitwa baba Sureshi, kwa jina la binti yetu, kama nilivyomwita kwa miaka ishirini na sita.

Habari ya kima inajulikana. Huko vitani ndugu wa mfalme Ram alikuwa anakata roho, na kima akatumwa kuitafuta dawa kwenye mlima wetu, Dronagiri. Alipofika kijijini kwetu hakujua aelekee wapi. Bibi mmoja akamnyooshea kidole, dawa iko pale. Kima hakujua kuchagua majani, akang'oa bega zima la mlima akaruka nalo. Dunia yote inamsujudia kwa kazi hiyo. Sisi, mtu akipandisha bendera yake nyekundu hapa, atashuka nayo bondeni siku hiyo hiyo. Lakini kima hashikiki, kwa hiyo hasira yetu ilibaki kwa yule bibi. Siku ya kuuabudu mlima, mwezi wa Juni, wanawake hatukanyagi uwanja wa juu, na wanaume hawali chakula kilichopikwa na mwanamke. Wanajipikia wenyewe. Wali wao unaungua chini na kubaki mbichi juu, na wote wanausifu.

Mwaka jana, wiki moja kabla ya siku hiyo, alikuja Ambarish. Mtu wa Delhi, viatu vizuri, magoti mabovu. Alisema anaandika kitabu juu ya vijiji vya mpakani na hadithi zake. Askari wa mpaka waliandika jina lake kule chini wakamruhusu apite, na baba Sureshi akamleta kwetu bila kuniuliza kama viazi vinatosha. Aliniita dada. Alisifu kila kitu, hata moshi wa jikoni.

"Dada, ile dawa ya kwenye hadithi bado ipo?" aliniuliza siku ya pili.

"Kamuulize aliyeichukua," nikamjibu.

Alicheka sana akaandika hilo daftarini. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua anachunguza nini. Juu ya uwanja wa ibada kuna mteremko wa mawe unaoota kutki, mzizi mchungu tunaotibia homa, ini, na hata ng'ombe. Wanawake ndio wachimbaji. Tunachimba kila nyumba kwa zamu yake, kwa kisu kidogo, na mzizi mama unaachwa ardhini. Mgeni haonyeshwi. Zamu hizo nilizisimamia mimi, na hakuna heshima nyingine niliyowahi kupewa na kijiji hiki ambayo sikuipata kwa kuolewa.

Siku ya mlima, Ambarish alipanda na wanaume. Alikuwa na wiki moja tu hapa, akakaribishwa mahali ambapo mimi, niliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka hekaluni, sijawahi kupaona siku hiyo. Jioni baba Sureshi alirudi anaimba. Kesho yake mgeni akaaga.

Mwezi wa Agosti ukungu ulikaa siku tatu. Wakati huo watu wasiojulikana walipita upande wa pili wa mlima na nyumbu wao. Shemeji yangu Gaumati alipopanda kwa zamu yake, alikuta mashimo matupu. Hata mizizi mama walikuwa wameichukua. Alirudi amejaa udongo mpaka kwenye nyusi, akakaa mlangoni kwangu akalia.

Mwenyekiti wa kijiji, Kundan Singh, alituita uwanjani mbele ya hekalu la Bhumyal, mungu wa ardhi yetu.

"Mgeni alilala kwa nani?" akaniuliza.

"Kwetu."

"Alikula kwa nani?"

"Kwangu. Nawe ulikuwepo, ukaongezewa mara mbili."

Wanawake waliangua kicheko. Kundan Singh hakufurahi.

"Usinitanie, mama Sureshi. Mtu wa Delhi hawezi kuujua mteremko ule peke yake. Mbweha wetu wenyewe wanapotea huko."

"Tuhesabu siku basi," nikasema. "Alipanda juu siku moja tu, siku ya ibada. Siku hiyo mlikuwa wanaume watupu. Mimi nilikuwa mtoni nafua mablanketi yenu. Ningemwonyeshaje?"

Mzee mmoja nyuma akadakia, "Mwanamke hana haja ya kupanda. Yule bibi alipanda? Alinyoosha kidole tu."

Wanaume wakaguna kukubali, kana kwamba mzee ameleta shahidi. Nilimtazama baba Sureshi aseme neno. Alikuwepo juu siku hiyo, alijua. Alikuwa anachokonoa uchafu kwenye kucha.

"Mimi sijui walizungumza nini jikoni," akasema.

Uamuzi ukatolewa. Nilipewa siku tatu nijisafishe. Nikishindwa, sitasimamia zamu, hakuna nyumba itakayoniazima moto, na msimu ujao nitabaki huko chini tunakokaa wakati wa theluji, wenzangu wakipanda kurudi nyumbani.

"Sihitaji siku tatu," nikasema. "Kesho nampelekea Bhumyal mchele."

Kwetu jambo hilo halifanywi kwa mzaha. Aliyedhulumiwa anachukua mchele mbichi kiganjani, anautaja uovu mlangoni kwa Bhumyal, kisha anautupa. Kuanzia hapo mungu anamtafuta mkosaji mwenyewe, na akiingia nyumba yake, hata kwa watoto waliohama, anaanza na aliye dhaifu: ndama, mtoto, mimba. Kinachomzuia ni kimoja tu. Mkosaji asimame kwenye kizingiti hicho hicho na kukiri kwa kinywa chake.

Jioni hiyo baba Sureshi hakula. Alizungusha kikombe chake cha chai ya chumvi mpaka siagi ikaganda juu.

"Usipeleke huo mchele," akasema.

"Kwa nini?"

"Sureshi ana mimba ya miezi saba."

"Sureshi yuko mjini Gopeshwar kwa mumewe. Anaingiaje kwenye wizi wa kutki?"

Nikaacha kukanda unga. Nadhani nilijua kabla hajafungua mdomo, ila moyo ulikuwa bado unamtafutia njia ya kutokea.

"Mgeni alisema ataliandika jina langu kitabuni," akasema. "Mlinzi wa mlima. Na picha akanipiga. Nilimwonyesha kwa mbali tu, mama Sureshi, hata hatukusogea."

"Na leo uwanjani?"

"Ningefanyaje? Wewe ni mwanamke. Mwanamke akikosea hapa, watu wameshazoea, mwaka mmoja wanasahau. Mimi wataninyang'anya ngoma ya ibada. Baba yangu aliipiga, babu yangu aliipiga. Vumilia mwaka mmoja."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayeomba kuongezwa mboga. Hilo liliniumiza kuliko mteremko. Mteremko aliuonyesha mara moja, kwa upumbavu wa kusifiwa. Mimi alinitoa kafara mbele ya watu akiwa na akili zake timamu. Na hapo nilimwonea huruma yule bibi kwa mara ya kwanza. Nikajiuliza kama alikuwa na mume, na siku ile mumewe alikuwa amekaa wapi.

"Kakiri," nikamwambia. "Mchele haujatupwa. Kakiri mwenyewe asubuhi, nitasimama nawe."

Alikubali kwa kichwa. Nikaamini.

Asubuhi uwanja ulijaa. Nilikuja na mchele kiganjani, na nikaona amesimama katikati ya wanaume, mikono nyuma, macho chini. Nikamsubiri. Kundan Singh akakohoa. Gaumati akanisogelea akaninong'oneza, "Kama hutupi, rudi nyumbani, wanakutazama." Baba Sureshi hakuinua kichwa.

Mimi sikuja kuilaani nyumba ya mtoto wangu. Nilikuja kumbana baba yake. Nikamwendea, nikafungua mkono wake, nikaumimina mchele humo.

"Mimi ni mwanamke," nikasema kwa sauti, wote wasikie. "Labda Bhumyal naye ameshazoea kutonisikia. Mkuu wa nyumba yangu anitupie."

Watu walinung'unika kwamba ni sawa. Kundan Singh akampisha njia. Baba Sureshi alitembea mpaka kwenye kizingiti, punje zikimdondoka njiani. Nilikuwa nyuma yake hatua mbili. Nikamwambia chini chini, "Sema tu. Ni maneno manne."

Aliwageukia wanaume wenzake, akawatazama mmoja mmoja. Kisha akaugeukia mlango.

"Aliyemwonyesha mgeni mteremko," akasema, na sauti haikutetemeka hata kidogo, "Bhumyal aingie nyumbani kwake."

Akautupa.

Niliusikia ukigonga mbao za mlango. Nilifungua mdomo niseme ni yeye, lakini Kundan Singh alikuwa ameshawahi. "Yameisha," akatangaza. "Hakuna mtu anayetupa mchele juu ya nyumba yake. Mama Sureshi amesafika." Wanawake wakanikumbatia. Gaumati aliniomba radhi, akalia tena begani kwangu. Wale waliokuwa tayari kunifukuza walinishika mikono, na sikupata hata mmoja ambaye angeniamini kama ningesema.

Nyumbani, baba Sureshi alivua viatu akaomba chai.

"Umeona?" akasema. "Nimekusafisha. Na Bhumyal anajua nilitamka kwa mdomo tu."

"Rudi ukakiri. Sasa hivi, kabla jua halijazama."

"Na nani atakuelewa tena? Tulia, mama Sureshi. Tia na siagi."

Nilimchemshia chai. Nilitia siagi. Kisha nikafunga nguo zangu, viazi vikiwa bado ardhini, nikashuka mpaka barabarani kwa miguu na kupanda gari kwenda Gopeshwar.

Sureshi alinipokea mlangoni amevimba miguu, akicheka, akiuliza nani atavuna. Nilimketisha nikamweleza yote: mgeni, mteremko, uwanja, baba yake. Alinisikiliza ameweka mkono tumboni. Nilipofika mahali nilipomimina mchele kiganjani mwa baba yake, akanisimamisha.

"Mama, kwa nini ulimpa?"

"Nilidhani hataweza kuutupa," nikamwambia.

Aliondoa mkono wangu gotini kwake, taratibu, akaenda kumwita mumewe aje asikie nilichofanya mimi.