Imani ya Kitandani

Ruffin alianguka mchana kweupe, mto ukiwa umefura, ndugu zake wote wakimwona. Alikuwa amepanda juu ya miti ya uvuvi pale maporomokoni, kama alivyofanya tangu utoto, ili akwamue kikapu kilichonasa. Mti aliokanyaga ukakatika. Maji hayakumchukua, aliangukia jiwe. Watu wakasema afadhali jiwe, mto ungemficha. Baadaye ikajulikana kwamba jiwe nalo lilikuwa limemaliza kazi yake ndani ya tumbo, mahali ambapo daktari hawezi kufunga kitambaa.

Mkewe aliitwa Kavugho. Hakuwa mtu wa mto. Alikuwa Mnande wa Butembo, mji ulio mbali mashariki, aliyekuja Kisangani na kaka yake kuuza vitenge soko kuu, Mkatoliki tangu tumboni mwa mama yake. Alipotangaza kwamba anaolewa na mvuvi, kwao walimwuliza kama vijana wa Butembo walikuwa wameisha. Aliolewa vivyo hivyo, wala hakujuta. Ruffin hakuwa na kanisa. Alikuwa akisema kwamba Mungu anamjua na yeye anamjua Mungu, basi wasisumbuane. Jumapili alimsindikiza mkewe mpaka mlangoni pa misa, akarudi kwenye vikapu vyake.

Kama kulikuwa na mtu aliyeruhusiwa kumsumbua Ruffin kwa habari za wokovu, alikuwa Isaïe. Walikua kwenye ua mmoja, wakajifunza kuogelea pamoja, na kuna siku Ruffin alimvuta mwenzake kutoka kwenye maji ya kasi kwa kumshika nywele. Isaïe alipokuwa mkubwa aliacha uvuvi, akawa pasteur, mchungaji wa kanisa la uamsho. Hata hivyo alikuja kula kwa Ruffin wakati wowote bila kubisha hodi. Olga, binti wa nyumba ile, alimwita tonton, yaani mjomba. Kavugho alimwita shemeji.

Kwa hiyo Ruffin alipolazwa, Isaïe ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika, na ndiye aliyeona kile ambacho Kavugho alikuwa anakificha hata kwa Olga: Ruffin, ambaye hakuwahi kuogopa maji, alikuwa anaogopa kufa. Alishika chuma cha kitanda kama mtu anayechukuliwa na mkondo.

Alasiri moja Olga alikwenda kununua dawa, wakabaki watatu chumbani.

"Isaïe," Ruffin alisema, "mi sijabatizwa. Sasa nimechelewa?"

"Kuchelewa nini? Ule mwizi wa musalaba, nani alimubatiza?" Isaïe alisogeza kiti, akamshika mkono. "Unaamini Yesu alikufa kwa ajili yako?"

"Naamini."

"Unaamini alifufuka?"

"Naamini."

"Bon. Imekwisha, ndugu yangu. Uko mutu wa mbinguni. Hakuna mutu atakutoa tena mu mukono yake."

Kavugho alikumbuka jambo. Pale Butembo, masista walimfundisha akiwa mtoto kwamba mtu akiwa anakufa na padri hayupo, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza. Maji kidogo na maneno ya Utatu, basi. Alimimina maji ya chupa kwenye kikombe, akasimama karibu na kichwa cha mumewe. Ruffin alielewa. Aligeuza paji la uso upande wake.

"Mama Olga, ufanye," akasema.

Isaïe akamshika Kavugho kifundo cha mkono, taratibu, kama unavyomshika mgonjwa.

"Weka chini, shemeji. Ukimumwagia maji sasa, atafikiri ile Yesu alifanya haikutosha. Imani inatosha. Usimutilie mashaka saa hii."

Kavugho alimtazama mumewe. Ruffin alikuwa ameshaanza kutabasamu. Ni nani ambaye angemwondolea tabasamu lile? Akaweka kikombe juu ya kabati.

Hofu ikamtoka Ruffin kama homa inavyotoka kwa jasho. Akaachilia kile chuma. Akalala usingizi mzito, akaamka akiomba samaki wa kuchomwa kwenye majani, akamtania nesi kwamba anatembea kama bata wa Lubunga, ng'ambo ya mto. Kesho yake akamwomba Olga amwimbie. Alikufa mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe, bila kuhangaika, na katika machozi yake Kavugho alimshukuru Mungu kwa ajili ya Isaïe.

Matanga yaliwekwa uani, chini ya turubai la buluu. Familia ilitaka sanduku la maiti lipitie kanisani kwa Isaïe, shemasi mmoja akaja kusema haiwezekani, kuna utaratibu, asiyebatizwa hapitishwi. Kavugho hakujali. Alijua pasteur mwenyewe atasema, na akisema, kila mtu atasikia jinsi Ruffin alivyokwenda. Wavuvi walikuwepo wote, wazee kwa vijana, wengi wao watu wasiokanyaga kanisa. Isaïe akasimama mbele ya sanduku na Biblia yake. Macho yalikuwa mekundu. Alikuwa amelia kweli.

"Nilimupenda Ruffin," alianza. "Lakini upendo hauwezi kunifunga kinywa. Kila mwaka nilimuambia: kuja kwa maji, ndugu yangu. Kila mwaka alinijibu: kesho. Vijana, muangalie kesho ya Ruffin. Ni hii, iko mu sanduku." Akapiga ubao kwa kiganja. "Musidanganyike. Imani ya kitandani haifungue mulango. Mutu asipozaliwa kwa maji na kwa Roho, haingie!"

Kwanza Kavugho alidhani hakusikia vizuri. Kisha aliona nyuso zikimgeukia, nyingine kwa huruma, nyingine zikigeuka upande mwingine haraka. Shangazi za Ruffin wakaangua kilio upya, na hiki hakikuwa kilio cha mtu aliyekufa. Kilikuwa cha mtu aliyepotea. Vijana kadhaa wakaenda mbele kuombewa, wakitetemeka. Kavugho alitaka kusimama aseme, lakini wanaume walikuwa wameshainua sanduku. Wakamzika Ruffin hivyo, na jambo lile juu yake, zito kuliko udongo.

Alisubiri mpaka matanga yaishe, akaenda kwa Isaïe. Alimkuta kwenye baraza, peke yake. Isaïe akainuka, akamvutia kiti. Kavugho hakukaa.

"Pasteur," alisema.

Isaïe alilisikia jina hilo. Miaka yote hakuwahi kuitwa hivyo na mwanamke yule.

"Ulimuambia nini bwana yangu kwa kitanda?"

"Mama Olga..."

"Nakuuliza. Mi nilikuwa pale."

Isaïe alikaa. "Alikuwa anatetemeka. Ulitaka nimuambie nini? Nilimufariji."

"Donc, kumbe haukuamini ile ulikuwa unasema."

"Nilitaka afe na amani. Ni dhambi?"

"Na kwa matanga? Kwa matanga ulitaka nini?"

"Kwa matanga iko kanisa." Sauti yake sasa ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Nikisema Ruffin aliingia vile, kwa mudomo tu, nani atakuja tena kwa ubatizo? Wote watangoja kitanda. Wale vijana mto unawabeba kila mwaka, na wengine hawapate hata kitanda. Nilitaka waogope."

"Ukatoa bwana yangu mu sanduku, ukamufanya fimbo ya kuchapa batoto."

Isaïe alirudisha kile kiti ukutani.

"Na maji?" Kavugho aliuliza. "Mi nilikuwa na maji mu mukono. Yeye mwenyewe alisema nifanye. Ni nani aliniambia weka chini?"

Isaïe alitazama sakafu. "Ile maji ya kikombe, mama... kwetu haingehesabiwa."

"Kwetu ingehesabiwa!"

Mke wa Isaïe alichungulia mlangoni, akarudi ndani.

"Unijibu kitu moja tu, niende," Kavugho alisema. "Ruffin iko wapi?"

"Mungu ndiye anajua."

"Kwa kitanda ulijua. Kwa matanga ulijua. Sasa hapa kwako, mi na wewe tu, haujue?"

Kavugho akaondoka. Njiani alipita mwendesha toleka mmoja baada ya mwingine, wakimwita apande baiskeli, naye hakuwasikia. Alitembea kwa miguu mpaka nyumbani.

Alikwenda kwa abbé Maurice, paroko wake, mzee mpole asiyependa maneno mengi. Akamweleza yote. Padri alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba mtu aliyetamani ubatizo, kifo kikamtangulia, Kanisa linamhesabu kuwa amebatizwa. Hamu yake ndiyo maji yake. Ruffin aliamini, akageuza paji lake la uso. Mungu hazuiliwi na mkono wa pasteur.

Yalikuwa maneno ambayo Kavugho alikuwa ameyaendea. Na alipoyapata, alishangaa kuona hayashuki moyoni.

"Abbé," alisema, "unasema kweli, ama unanifariji?"

Padri alishtuka kama aliyechomwa. "Nasema kweli, mama."

"Yeye pia alisema vile. Alikuwa na uso sawa yako."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Kavugho aliendelea kwenda misa, lakini alikaa benchi la nyuma akitazama midomo. Hakuwa na shaka juu ya Mungu. Shaka yake ilikuwa juu ya kila kinywa kinachomtaja Mungu, na hapo ndipo penye taabu, kwa sababu Mungu hakuwahi kumfikia kwa njia nyingine ila kwa vinywa vya watu: mama yake, masista, Isaïe.

Kisha Olga akaja jikoni mama yake akitwanga pondu, majani ya muhogo, akasema amejiandikisha kubatizwa kwa tonton Isaïe.

Mchi ulibaki hewani. "Ulibatizwa mutoto. Mi nilikubeba mwenyewe."

"Tonton anasema ya mutoto haihesabiwe. Mama, sitaki kuenda kule papa alienda."

Kavugho alikuwa amemficha yale yote, akidhani anamlinda. Sasa alimkalisha kwenye kigoda, akamsimulia: kiti kilichosogezwa, maswali, majibu ya baba yake, kikombe, mkono wa Isaïe juu ya mkono wake. Hakuongeza kitu wala hakupunguza. Olga aliuliza swali moja tu:

"Papa mwenyewe alisema naamini?"

"Alisema. Na hakukuwa woga tena mu sauti yake."

Binti akachukua mchi, akaendelea kutwanga. Kavugho alidhani jambo limekwisha. Lakini Jumapili ya ubatizo Olga aliamka, akavaa nguo nyeupe, akatoka. Mama yake akamfuata kwa mbali na kitenge chake cheusi cha ujane, akijisikia amesalitiwa mara ya pili, na safari hii na damu yake.

Watu walikuwa wamejaa kando ya mto Tshopo, ngoma zinalia, akina mama wanaimba. Wabatizwa walishuka majini mmoja mmoja. Wengi walikuwa wale vijana wa maporomoko. Zamu ya Olga ilipofika, Isaïe, maji yakiwa kiunoni, alimwekea mkono kichwani kwa upole wa kweli.

"Olga, unaamini?"

"Naamini," Olga alisema kwa sauti iliyofika ukingoni. "Naamini vile papa aliamini kwa kitanda, na wewe ukamuambia inatosha."

Ngoma moja ikaendelea kidogo, nayo ikanyamaza. Isaïe alisimama na mkono wake pale pale. Wote walikuwa wanangoja. Angeweza kumwambia atoke majini. Angeweza kusema ndiyo. Halafu akamzamisha, akatamka maneno ya ubatizo mbio mbio, akamwinua, akamwita anayefuata. Baadhi ya watu wakasema amina. Wengine walikuwa wameshaanza kuulizana.

Olga alitoka akitetemeka kwa baridi. Kavugho alimfunika kitenge, wakapanda njia.

"Nilitaka aseme kitu," Olga alisema.

"Hakusema."

"Lakini alinizamisha, mama. Kama angeamini papa hakuingia, angenifukuza."

"Ama aliogopa watu."

Olga alikaza kitenge mabegani. "Ama aliogopa watu," akakubali.

Kanisa la Isaïe halikuvunjika. Watu wa mjini wana mengi ya kukumbuka. Wanasema tu kwamba siku hizi hahubiri tena juu ya vitanda. Kavugho naye alirudi kwenye meza yake sokoni. Siku nyingine alijiambia kwamba Ruffin hakumwamini Isaïe; alimwamini yule ambaye Isaïe alimtaja, na mjumbe akiwa mwongo si lazima aliyemtuma awe mwongo. Siku hizo aliweza kula vizuri. Siku nyingine neno hilo halikumshika, akaona tu ule mkono juu ya kifundo chake.

Mwanzo wa mvua Isaïe alikuja sokoni. Alisimama mbele ya meza, akashikashika kitenge kimoja kama mnunuzi, mpaka mwanamke wa meza ya pili alipoondoka.

"Shemeji," alisema chini chini, "unisamehe."

Kavugho alimtazama. Alikuwa amekonda, na kwa mara ya kwanza alifanana na mtu aliyeogopa maji.

"Ulisema mbele ya watu wote," alimjibu. "Uende useme pale ulisemea. Kisha urudi, na mi nitakusikiliza."

"Si rahisi, mama."

"Najua. Ruffin pia haikuwa rahisi, na alisema."

Isaïe aliachia kitenge, akashika njia ya mtoni. Mpaka leo hajasema. Anapopita sokoni huzunguka upande wa wauza chumvi, na Kavugho, ambaye humwona kila mara, huendelea kupima kitambaa cha mteja wake.