Sakellaris Huja Saa za Ruhusa

Tarehe mosi Julai, baada ya chai, Themelina alisukuma toroli la matofali mpaka nyuma ya nyumba na kuanza kujiandaa kwa fataki. Hakuwahi kuwasha fataki maishani mwake, hata vile vijiti vya cheche wanavyopewa watoto. Lakini mwuzaji kibandani alimweleza polepole, naye alipofika nyumbani akamweleza bintiye Sevasti, na Sevasti akamsahihisha pale alipokosea. Kisanduku cha fataki kibanwe kwa matofali pande zote kisije kikapinduka na kuwapiga watu. Nyasi zilowanishwe. Pawe na ndoo ya maji, ndoo ya mchanga, na mpira wa maji karibu. Watu wakae kule uzioni, upepo ukiwapiga mgongoni. Mwashaji awe mmoja, asiwe amekunywa, anyooshe mkono na kugeuza uso. Na fataki iliyokataa kuwaka haisogelewi. Inaachwa mpaka ipoe kabisa, ndipo inapozamishwa majini.

Mbwa alifungiwa bafuni pamoja na redio. Mji mzima wa Darwin, kaskazini mwa Australia, ulikuwa ukifungia mbwa, maana Siku ya Jimbo ndiyo siku pekee ambayo mtu wa kawaida anaruhusiwa kulipua fataki nyumbani kwake, kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa tano usiku. Ukizidisha hapo, utalipa faini.

Sakellaris, mume wa Themelina, naye hufuata saa hizo hizo. Alifia hapo hapo nyuma ya nyumba, Sevasti akiwa bado anatambaa, alipokiinamia kisanduku kilichokataa kuwaka. Tangu hapo, kila Siku ya Jimbo, ikifika saa kumi na mbili huwa amesimama kati ya mpapai na kamba ya nguo, ameinama, mikono magotini, akitafuta kisanduku ambacho polisi walikichukua siku ile. Huja na kaptura yake na ndara zake. Uso huja nao nusu. Mwaka wa kwanza askari wa doria walipita, wakamtazama, wakatazama saa, wakasema bado ana muda. Saa tano huondoka mwenyewe.

Kilichomuuma Themelina ni ule mgongo. Mtu aliyeinama jioni nzima hajapumzika, hata kama amekufa. Kila mwaka alimpelekea kiti na kumbembeleza akae, na Sakellaris hakugeuka. Themelina hakushangaa. Hata alipokuwa hai, mambo ya moto alimsikiliza mtu mmoja tu, kaka yake Savvas.

Ukoo huo asili yake ni Kalimno, kisiwa cha Ugiriki ambako Pasaka haijawa Pasaka mpaka milima itikiswe kwa baruti. Baba yao aliishika mkononi mpaka utambi ubaki mfupi kama kucha, ndipo airushe. Darwin iliwapa kazi za ujenzi na nyumba nzuri, lakini mila hiyo haikuwaondolea. Mwanamume wa ukoo huo akirudi nyuma mbele ya fataki, atataniwa mpaka kwenye harusi ya mjukuu wake.

Kuhusu kifo chenyewe, Savvas alikuwa na maelezo yake. "Nilimwambia asikisogelee. Mbishi yule." Aliyasema mazikoni, akayarudia kanisani kila ibada ya kumbukumbu, na watu wakatikisa vichwa kumsikitikia marehemu na ubishi wake. Siku ile Themelina alikuwa jikoni akishughulika na pweza, hakusikia lililosemwa. Ila alikuwa ameishi na mtu ambaye hakuwahi kumbishia Savvas hata kuhusu rangi ya kupaka nyumba yake mwenyewe. Alilijua hilo, akanyamaza nalo.

Savvas alifika jua likizama, amebeba bia kwenye sanduku la barafu, miguuni ndara.

"Viatu, shemeji," Themelina alisema.

"Viatu? Tunapiga fataki au tunakaguliwa na jeshi?"

"Viatu, au ukakae bafuni na mbwa."

Savvas akacheka, akavaa viatu vya bustani vya marehemu vilivyokuwa mlangoni. Vilimtosha.

Saa kumi na mbili Sakellaris akawa pale. Savvas alimwinulia chupa, akaketi kwenye kiti cha uzioni, kando ya Sevasti. Themelina akaja mbele yake, kiwashio mkononi.

"Kabla sijawasha, shemeji, nina ombi. Mwite aje akae."

"Nani, mimi?"

"Wewe ndiye anayekusikia."

"Mwaka ule nilimwambia akagoma. Leo ndo atanisikia?"

"Jaribu tu. 'Saki, rudi ukae.' Maneno matatu, shemeji, hayakumalizi pumzi."

Savvas alimtazama mdogo wake, kisha akamtazama Sevasti aliyeacha kutafuna ili asikilize. Alijua fika kwamba akiita, Saki atakuja. Na Saki akija kwa kuitwa mara moja, hata mtoto atajua kwamba mwaka ule hakuitwa.

"Washa fataki zako," alisema. "Giza hilo."

Themelina akawasha. Alinyoosha mkono, akageuza uso, akarudi uzioni kila mara bila kukimbia, kama alivyofundishwa. Vilikuwa visanduku vizuri. Vilitoa nyekundu, vikatoa kijani, na Sakellaris akawa mwekundu, akawa kijani, mgongo haukunyooka. Sevasti alipiga makofi. Themelina alianza kuona fahari, na alihisi vibaya kuiona.

Kisanduku cha mwisho kilikataa. Utambi uliungua, ukaingia ndani, kukawa kimya.

"Hatukisogelei," Themelina alimwambia bintiye. "Tunasubiri."

Wakasubiri. Fataki za majirani ziliendelea kulipuka. Savvas hakuzoea kusubiri. Alijigeuza kitini, akapiga chupa kwenye goti, kisha likamtoka kama chafya:

"Imezimika hiyo, bwana! Si uende ukachungulie? Au tumwite mama aje akushike mkono?"

Pengine alikuwa akimtania Themelina. Lakini Sakellaris ndiye aliyenyooka. Aligeuka, akatabasamu kwa upande wa uso aliokuwa nao, ile haya ya mdogo aliyechekwa mbele za watu, akaanza kutembea kuelekea kwenye kisanduku, ndara zikipiga nyasi mbichi.

"Mwite!" Themelina alisema. "Shemeji, mwite arudi!"

Mdomo wa Savvas ulikuwa wazi. Haukutoa kitu. Sakellaris aliinama, akachungulia, na kisanduku kikalipuka. Rangi zote zilipita ndani yake zikapanda juu angani, na majirani wakashangilia.

Sevasti aligeuka. "Baba mkubwa, ndivyo ulivyomwambia?"

"Nilimwambia asikisogelee," Savvas alijibu. "Mbishi yule."

Hasira ilimjaa Themelina mpaka masikioni, akachukua mpira wa maji na kulowesha kisanduku mpaka matofali yakaelea kwenye matope, maana hilo nalo alikuwa ameelekezwa.

Jumapili kulikuwa na ibada ya kumbukumbu. Savvas alisimama mbele ya sahani ya ngano tamu inayogawiwa kumkumbuka marehemu, akayasema maelezo yake, na watu wakatikisa vichwa. Alikuwa bado amevaa vile viatu. Sevasti alivitazama mpaka ibada ikaisha.

Mwaka uliofuata Themelina hakununua fataki. Saa kumi na mbili alitoka nje, na kati ya mpapai na kamba ya nguo hapakuwa na mtu. Sakellaris alikuwa uzioni. Alisimama wima, mikono imelegea, mbele ya kiti alichokalia Savvas mwaka uliopita, akingoja kuambiwa la kufanya. Kiti kilikuwa kitupu. Savvas siku hizo za sikukuu alikuwa ameanza kwenda kuvua samaki.

Themelina akampigia simu, akaiweka kwenye spika.

"Shemeji, yuko mbele ya kiti chako. Sema neno moja tu. Mwambie akae."

Upande wa pili palisikika maji yakigonga mashua, na mtu akivuta pumzi.

"Sikupati, shemeji," Savvas alisema. "Mtandao mbovu huku."

Simu ikakatika. Sakellaris, aliposikia sauti ile, alikuwa ameinama tena, sikio kwenye simu. Themelina akaishikilia hapo ilipo, akavuta kiti kwa mguu, akakaa naye mpaka saa tano.