Mgongo wa Chupa

Watu waliokaa laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, za lile shamba la kahawa pale Ruiru, kabla hazijabomolewa, wakikutana leo sokoni Thika huulizana kwanza habari za wazazi, kisha za watoto, halafu mmoja hucheka peke yake na kusema, "Na Chupa, unamkumbuka?" Hapo hata aliyekuja kununua viazi husahau viazi.

Chupa alikuwa mbwa. Mama yake alitoka nyumba kubwa ya bwana shamba, baba yake hakuna aliyemwona, na yeye mwenyewe alizaliwa mfupi wa miguu na mrefu wa kiwiliwili, rangi ya chupa ya bia iliyolazwa ubavu. Mwenye mbwa alikuwa Ngendo, mjane wa nyumba ya mwisho kwenye laini, ingawa ukimwambia hivyo alikuwa akikujibu, "Mimi sina mbwa. Huyu ndiye ana mimi."

Wangeci aliingia nyumba hiyo mwaka wa hamsini na moja, alipoolewa na Wainaina, mwana wa pekee wa Ngendo. Jambo lenyewe lilichekesha watu. Msichana alitolewa Thika akaletwa Ruiru, na mume wake alikuwa akifanya kazi Thika, kwenye kiwanda cha ngozi, akirudi kwa mama yake Jumapili tu. Apiyo, jirani yao, alicheka mpaka akashika ukuta. "Hii ndoa, mama Wainaina, si ingefungwa tu kwa treni?"

Lakini Wangeci hakucheka sana. Alijua kazi ya mke aliyeolewa juzi ni nini: kuni. Na kila alfajiri, akinyoosha mkono kuchukua mukwa, ule ukanda wa ngozi ambao mwanamke huupitisha kipajini na mzigo ukalala mgongoni, alikuta Ngendo ameshautoa kwenye msumari.

"Weka mkono chini, wewe wa Thika. Kuni za nyumba hii nabeba mimi."

"Lakini maitu," Wangeci alisema, akimwita mama kwa Kikuyu, "wewe ni mama. Mimi niko hapa nifanye nini?"

"Chemsha chai."

Akijaribu kumsaidia kujitwika, Ngendo alikuwa akimsonya na kumsukuma mkono. Basi Wangeci akachemsha chai, mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, na moyoni akajua kwamba hajapokelewa. Mke asiyepewa mukwa ni mgeni tu. Anaweza kurudishwa kwao siku yoyote, na watu watasema hata kuni hakuwahi kubeba.

Alikuwa mtu wa kunyamaza na kutazama. Akikosa kazi, macho yake yalijitafutia. Ndiyo maana yeye ndiye aliyeona kwamba Chupa amebadilika.

Zamani, taa ikizimwa tu, Chupa alikuwa akiruka kitandani kwa Ngendo, juu ya vile vitanda virefu vya miti, na asubuhi anajitupa chini, pu! Sasa alikuwa akifika kitandani, anaweka miguu miwili ya mbele kwenye mti, anatazama juu, halafu anaishusha tena na kulala sakafuni. Akitembea, mgongo ulipinda juu kama wa paka aliyeona mbwa, na kucha za nyuma zilikwaruza udongo, krr, krr. Chakula alikitaka, lakini hakutaka kuinama kukila. Wangeci alipomshikia sahani karibu na mdomo, alikula chote na kulamba vidole. Na saa nyingine, bila baridi, alitetemeka.

"Maitu, Chupa ni mgonjwa."

"Amezeeka. Ni kama mimi tu. Mwache."

Hakuachwa. Wakati ule wa mavuno watu walikuwa na hofu. Ilisemekana upande wa Kiuu mbwa mwenye kichaa ameuma ndama, na ndama amekufa akitoa povu. Jioni moja, wachumaji wamepanga mistari mbele ya mizani na madebe yao ya kahawa nyekundu, Perez, mtoto wa Apiyo, alimkamata Chupa kwapani na kumnyanyua, kama watoto wote walivyozoea kumnyanyua, tumbo likining'inia kama nguo mbichi. Chupa alilia kilio ambacho hakuna aliyewahi kukisikia kwake. Akageuza kichwa, meno yakashika mkono wa gauni, na gauni likachanika mpaka kwenye bega.

"Uwi! Kichaa! Chupa iko na kichaa!"

Madebe yalimwagika. Apiyo alimvua mtoto gauni pale pale mbele ya watu, akamkagua mkono juu na chini kama mtu anayechambua mchele, akamwosha kwa sabuni na maji mengi. Ngozi haikuwa na hata mkwaruzo. Lakini nani alisikiliza? Munyao, nyapara wa shamba, alikuja na fimbo yake. Munyao hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na watoto saba.

"Sitaki maneno mingi," alisema. "Askari ya stoo iko na bunduki. Mama Wainaina, shika mbwa yako, tupeleke nyuma ya fakitori."

Ngendo alisimama na debe lake mkononi, na Wangeci akaona midomo ya mama mkwe wake inacheza bila sauti.

Wangeci mwenyewe hakujua alitoka vipi kwenye mstari. Alijikuta amepiga magoti kwenye vumbi, mbele ya mbwa aliyejibanza chini ya mizani.

"Toka hapo, we msichana! Ukiumwa nitaambia bwanako nini?"

"Mzee Munyao, ngoja kidogo. Leteni maji."

Dalmas, fundi mbao, baba yake Perez, ndiye aliyeleta, kwenye kifuniko cha debe. Wangeci akakiinua mpaka usawa wa mdomo. Chupa akanywa, lap lap lap, mpaka kifuniko kikakauka.

"Wanasema mwenye kichaa hamezi maji," Dalmas alisema polepole.

"Wanasema mengi," Munyao alijibu. Lakini fimbo ilishuka kidogo.

Wangeci akamshika kichwa. Chupa akatulia. Masikio, akatulia. Shingo, akafumba macho. Halafu akapitisha vidole taratibu, vidole viwili tu, juu ya uti wa mgongo, na walipofika katikati, pale mbavu zinapoishia, nyama ikaruka chini ya ngozi na mbwa akaguna. Hakuuma. Alimtazama tu.

"Ni mgongo," Wangeci alisema. Sauti ilimtoka ndogo, akairudia. "Ni mgongo unamuuma. Siku nyingi haruki. Mtoto amemshika akining'inia, ameumia. Hata wewe, mzee, ukivutwa hivyo utang'ata mtu."

Watu wakacheka. Munyao pia alitaka kucheka, akajizuia.

"Sawa. Mfungie wiki mbili. Mtu asimguse ila wewe. Nitakuja kumwona mimi mwenyewe. Nikikuta povu, au amekataa maji, siulizi mtu. Umesikia?"

"Nimesikia."

Dalmas alimtengenezea sanduku kwa mbao za zamani za kukaushia kahawa, pana kiasi cha kugeuka lakini si cha kukimbia. "Mimi nangoja nyumba ya kwangu tangu nije kutoka Nyanza," alilalamika akipiga msumari, "na mbwa amepata kwanza." Kisha akajitolea kumnyoosha Chupa, kumvuta miguu ya nyuma mpaka mgongo ulie ko! kama walivyofanya kwao kwa mtu aliyeanguka. Wangeci akamkatalia. Apiyo akaleta kidonge cha kichwa kilichobaki. Ngendo akakirudisha: "Kichwa chake ni kizima. Kinashinda chako."

Basi ikawa ni kulala tu. Majani makavu ya migomba chini, gunia juu yake. Akitaka kwenda nje, Wangeci alimnyanyua kwa mikono miwili, mmoja kifuani na mmoja makalioni, mgongo umelala sawa kama wa mtoto mchanga, na kumweka mahali tambarare. Mwanzoni miguu ya nyuma ilipepesuka, akampitishia kitambaa chini ya tumbo amshikilie. Usiku alipasha jiwe la mviringo kwenye majivu, akalijaribu shavuni mwake mwenyewe, akalifunga kwa tambara na kuliweka karibu na mgongo wa Chupa, asiungue. Ikifika asubuhi alimkuta amelikumbatia.

Na ni katika kumtazama Chupa hivyo, siku baada ya siku, ndipo macho ya Wangeci yalipoanza kwenda kando. Alimwona Ngendo akifika kitandani, anaweka mikono miwili kwenye mti, anasimama kidogo, anatazama juu. Halafu anapanda polepole, ubavu kwanza. Alimwona akiacha kijiko kilichoanguka chini mpaka mtu mwingine aingie. Alimwona akinywa uji amesimama, bakuli karibu na mdomo. Siku moja akamshika kiunoni bila kukusudia, wakipishana mlangoni, na Ngendo akamgeukia kwa ukali, "Niondokee!"

Zamani Wangeci angelia. Safari hii alibaki mlangoni akimtazama mama huyo akienda na mukwa wake, mgongo umepinda, kandambili zikikwaruza udongo, krr, krr.

Mtu si mbwa, huwezi kumpapasa mbele ya watu useme ni mgongo.

Munyao alikuja Jumapili moja baada ya kanisa, na koti lake. Siku zake za kungoja zilikuwa zimepita. Wangeci akafungua sanduku. Chupa akatoka kwa miguu yake minne, nyuma ikiyumba kidogo upande kama mkokoteni wenye gurudumu bovu, akaenda moja kwa moja, akanusa viatu vya nyapara, akakojolea kimoja.

"Huyu hana kichaa," Munyao alisema akikitazama kiatu. "Huyu ana dharau tu." Akaenda zake, na laini nzima ikasikia anacheka mwenyewe njiani.

Jioni ile Wainaina alishapanda treni kurudi kazini. Wangeci alikuwa ameinama jikoni, analitoa jiwe kwenye majivu, ingawa Chupa hakulihitaji sana tena. Ngendo alikuwa amelala akitazama ukuta.

"Hilo jiwe," Ngendo aliuambia ukuta.

"Ndiyo, maitu?"

"Huyo mbwa amepona?"

"Amepona kidogo. Kuruka, nafikiri hataruka tena."

Moto ulipasuka.

"Basi lilete huku."

Wangeci akalijaribu shavuni, akalifunga tambara, akalileta. Hakuuliza ni wapi. Alijua. Akaliweka pale chini ya mbavu, na mwili wa Ngendo ukakaza, kisha ukalegea kidogo kidogo, na akasikia pumzi ndefu iliyokuwa imezuiliwa pengine tangu kabla yeye hajaletwa Ruiru.

"Usiseme kwa Wainaina."

"Sisemi."

"Atasema niache kazi, nirudi kukaa kama kikongwe." Akavuta blanketi. "Mwanamke akipeana mukwa, watu wanajua amekwisha."

"Hujakwisha, maitu. Wewe usiruke tu."

Kitanda kilitikisika. Wangeci alidhani mama mkwe analia, kumbe anacheka, na kwa kuwa kucheka kuliumiza mgongo, alikuwa akicheka na kuguna pamoja.

Asubuhi, Wangeci alipoamka, mukwa haukuwa kwenye msumari wa Ngendo. Ulikuwa umewekwa juu ya shali ya Wangeci mwenyewe, umekunjwa vizuri, umepakwa mafuta. Na Ngendo alikuwa jikoni, amesimama, anachemsha chai.

"Amka, mwari wakwa," alisema, na hilo ni neno la kumwita binti uliyemzaa. "Kuni hazitajileta."

Laini zile hazipo tena. Watu walihamishwa, wengine wakaenda mbali, na pale mizani ilipokuwa pameota majani. Chupa aliishi miaka mingine akitembea kwa mwendo wake wa upande, na Ngendo naye, kila mmoja akimngoja mwenzake kwenye kizingiti. Mukwa ule Wangeci anao hadi leo, huko Thika, umekuwa mweusi kwa mafuta na jasho la watu wawili. Na watoto wake wanajua kwamba katika nyumba hiyo kitu chochote chenye uhai, hata kifaranga, hunyanyuliwa kwa mikono miwili.