Digrii Kumi Kutoka Wapi?

Mama mshonaji alilifungua faili la mwanawe mezani kwa karani wa mahakama, akalisoma polepole kwa kidole, kama alivyofundishwa katika darasa la watu wazima. Mwanawe, dereva wa lori, alikuwa ametumikia miezi mitano ya kifungo cha miaka sita. Mchoro ulionyesha alama ya breki ikiikata barabara kama mkasi, ishara kwamba alihama upande wake na kuligonga gari dogo.

Asubuhi ya ajali mama aliiona alama ile kwa macho yake. Ilikuwa imelala sambamba na barabara, au karibu hivyo. Lakini wakati wa kesi aliyatilia shaka macho yake, kwa kuwa mchoro ni wa wasomi. Ndiye aliyemsihi mwanawe akiri, apunguziwe adhabu.

Kwenye fomu ya vipimo, pembe ya alama ile iliandikwa digrii kumi tu. Akaomba aitiwe koplo wa polisi aliyepima. Koplo alikuja na njiti mdomoni, akamwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Hizi kumi ulianzia wapi kuzihesabu? Mimi nikikata kitambaa mshazari, huanza na pindo. Bila pindo, kumi si kitu.”

Koplo alicheka, akasema angejua, siku ile ya ajali angemchukua yeye na futi yake ya kushonea akapime. Akaeleza kwamba wao huanzia kaskazini, wakazunguka kama mishale ya saa. Na barabara ile yaelekea kaskazini. Kisha akautazama mchoro, njiti ikatulia. Mchoraji wa ofisini alikuwa ameanzia mashariki, akazunguka kinyume, kama katika hesabu za shuleni; ndiyo maana alama iliyolala na barabara ikaonekana imeikata. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika sifuri iko wapi.

“Basi iandike sasa, mwanangu.”

Koplo alimtazama karani. Karani, kwa sauti ya chini, alisema kwamba aliyekiri kosa hasikilizwi kirahisi, muda wa rufaa umepita, na barabara imewekwa lami mpya. Hakuna alama ya kupima tena. Koplo akakumbuka kwamba ana kazi nje.

Siku ya kutembelea wafungwa, mama alimweleza mwanawe yote kupitia wavu.

“Hukuvuka mstari, baba.”

“Nilikuwa najua, mama,” alisema kijana kwa upole. “Nilikiri kwa sababu wewe ulikuwa huniamini.”

Askari akagonga wavu kwa ufunguo. Muda ulikuwa umekwisha.