Ukurasa Usio na Muhuri

Afisa aliigeuza barua, akatazama mgongoni pake palipokuwa patupu, kisha akaisukuma kurudi upande wa pili wa kaunta.

"Haina muhuri wa mwenyekiti wa mtaa, mama."

"Mara ya kwanza mlisema haina namba za vitambulisho," Endang alisema. "Mara ya pili mkasema ziwe nakala tatu. Nakala tatu hizi hapa."

"Na ya kiwanda iliyosainiwa iko wapi? Malalamiko ya mfanyakazi yanaanzia kwa mwajiri. Akishasaini kwamba ameyapokea, ndipo yanakuja kwetu ukaguzi wa kazi."

"Yaani nimpelekee ninayemshitaki, anisainie kwamba nimshitaki."

"Utaratibu sikuutunga mimi." Alifunika glasi yake ya chai kwa kifuniko cha bati, nzi wasiingie. "Anayefuata."

Endang Murwani alikunja barua zake akatoka. Alikuwa na miaka thelathini na nne, na tisa kati ya hiyo alikuwa amekaa mstari wa saba, akipaka gundi soli za viatu vya michezo. Barua ilikuwa na majina kumi na moja, yote ya wanawake wa mstari huo. Tangu kiwanda kibadilishe gundi msimu wa mvua uliopita, vidole vilianza kufa ganzi, kisha nyayo. Jina la kwanza lilikuwa la Titin, aliyekaa kushoto kwake miaka sita. Titin sasa alivuka chumba chake kwa kushika ukuta, na kijiko kilimponyoka akila. Daktari wa kiwanda aliandika "upungufu wa vitamini", akampa vidonge vya njano. Mkataba wa Titin ulipokwisha mwezi wa nne haukuongezwa. Kwenye faili lake waliandika ameondoka akiwa na afya njema.

Jina la kumi na moja lilikuwa la Endang mwenyewe. Kila akiamka alihisi amevaa soksi, na miguu iko wazi.

Saa nne alifika kwenye kibanda cha intaneti cha Bi Wiwik, nyuma ya vyumba vya kupanga vya wafanyakazi, atoe kopi nyingine. Bi Wiwik, mwanamke wa makamo aliyewahi kushona nguo kiwandani mpaka macho yakamkatalia, alikuwa ameikodolea macho kompyuta yake kwa miwani minene. Kwenye skrini palikuwa na picha ya paka na maandishi marefu chini yake.

"Hilo gazeti?" Endang aliuliza.

"Gazeti gani litaandika habari za paka wangu? Hii blogu. Ya kwangu mwenyewe."

"Blogu ndiyo nini?"

Bi Wiwik alivua miwani. "Chukulia una daftari unaandika mambo yako. Sasa daftari hilo liweke mahali ambapo yeyote mwenye kompyuta, awe hapa, awe Surabaya, au wale ndugu zetu wa kazi za ndani kule Hong Kong, analifungua na kusoma. Ulichoandika leo kinakaa juu, cha jana kinashuka. Na msomaji akitaka kukujibu, anakujibu hapo hapo chini."

"Kibali unaombea wapi?"

"Kibali cha nini?"

"Cha kuandika."

"Hakuna kibali, shoga."

"Na muhuri?"

"Wa nani?" Bi Wiwik alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

Endang alivuta kiti, akakaa.

Walianza na barua pepe, kwa kuwa bila hiyo, Bi Wiwik alisema, huna mlango wa kuingilia. Halafu jina la blogu. Mawili ya kwanza yalikuwa yameshachukuliwa na watu; la tatu, Mstari wa Saba, likakubali. Ikafika zamu ya paswedi. "Mtu asiijue, hata mimi," Bi Wiwik alisema, akaugeuzia uso mlango mpaka ikaisha. Alitaka wachague ukurasa wenye maua pembeni. Endang alichagua mweupe.

Kuchapa ndiko kulikomtesa. Kidole chake hakikujua kama kimebonyeza au kimegusa tu, kwa hiyo kila herufi aliinua macho kuangalia kama imetokea. Aliandika gundi ilibadilishwa lini, pipa lake lina rangi gani, feni mbili za mstari wa saba ziliharibika lini, na nani aliambiwa.

"Jina la kiwanda unaliweka?" Bi Wiwik aliuliza. "Kuna sheria mpya ya mambo ya mtandao. Wanaweza kukushitaki umewachafulia jina."

"Nisipoliweka watasema ni kiwanda cha mwezini."

Alimpigia Titin simu, akamweleza, akamuuliza kuhusu jina lake.

"Liweke," Titin alisema. "Lote. Na umri wangu uweke, wasije wakasema ni uzee."

Wale wengine tisa walikuwa wamesaini tayari. Endang alibonyeza pale alipoonyeshwa.

"Sasa?"

"Basi. Imeshatoka."

Pembeni ya ukurasa palikuwa na namba ya wasomaji. Ilisema moja.

"Huyu ni nani?"

"Ni sisi," Bi Wiwik alisema.

Zamu ya Endang kiwandani ilianza saa nane mchana. Aliwaambia wanawake wawili kwenye foleni ya choo, nao wakawatumia wengine ujumbe kwa simu. Saa kumi hata watu wa kufungasha walikuwa wakimtazama. Saa kumi na moja msimamizi alimgusa bega na kumwambia aache brashi.

Ofisi ya utumishi ilikuwa na baridi ya kiyoyozi. Bwana Handoyo alimkaribisha kiti. Blogu ilikuwa mezani kwake, imetolewa kwenye karatasi.

"Umeandika vizuri," alisema. "Hata mikato umeweka. Watu mia mbili na kumi na wanne wameshasoma, na mwanasheria wetu ni mmojawapo. Ifute, yaishe."

"Nilifundishwa kuandika tu, bwana. Kufuta sikufundishwa."

"Basi nipe paswedi, wenzetu wa kompyuta watakusaidia."

"Niliambiwa mtu asiijue."

Katibu aliyekaa pembeni aliinamisha kichwa. Bwana Handoyo hakukasirika. Aliinua simu ya mezani. "Niitie Karyo wa ghala."

Karyo alikuwa mume wa Titin.

"Mkewe ndiye wa kwanza kwenye orodha yako," Bwana Handoyo alisema. "Na mkataba wa mumewe unaisha mwezi ujao. Unaweza kwenda, mama. Kitambulisho chako acha getini."

Giza lilikuwa linaingia alipofika kwa Titin. Karyo alikuwa amekaa kizingitini na shati la ghala mwilini, hakumtazama. Ndani, Titin alikuwa kwenye mkeka, mgongo ukutani.

"Asubuhi nilikwambia liweke," Titin alisema. "Sasa nakwambia litoe. Toa yote."

"Titin."

"Mimi siwezi kubeba ndoo, Endang. Anayebeba ndoo ni yeye. Anayeleta mchele ni yeye. Anayenipeleka chooni ni yeye. Usinitazame hivyo. Ningekuwa na miguu nisingekuomba."

Bi Wiwik alikuwa anakaanga tempe, vipande vya soya, mlangoni pa kibanda chake. Endang alimwambia shida yake kwa maneno machache, naye akazima jiko, akanawa mikono, akaenda kumwonyesha namna ya kufuta.

Chini ya ukurasa walikuta majibu kumi na tisa. Mmoja alimtukana. Wanne walimwombea. Wawili waliuliza kama kiwanda kinaajiri. Jibu la mwisho lilitoka kwa msichana wa mji wa Semarang.

"Mimi nabandika mikoba kwa gundi kiwandani," aliandika. "Nina miaka kumi na tisa. Vidole vilianza mwezi wa tatu, miguu wiki iliyopita. Dada Titin naye alikuwa anahisi kama amevaa soksi? Miguu yake ilirudi?"

"Nikifuta, na hili linaondoka?" Endang aliuliza.

"Linaondoka na yote. Ila ameacha barua pepe yake, hii hapa."

Endang alimwandikia kwanza. "Ndiyo, kama soksi. Hapana, haijarudi." Akaongeza jina lililoandikwa kwenye pipa la gundi, akatuma. Kisha Bi Wiwik akamwonyesha pa kubonyeza. Kompyuta iliuliza kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo, na Mstari wa Saba haukuwepo tena.

Alikuwa anatafuta kandambili zake mlangoni Bi Wiwik alipomwita. Msichana wa Semarang alikuwa amejibu.

"Pipa letu limeandikwa hivyo hivyo. Kwenye chumba chetu cha kazi tunaumwa watu ishirini na sita. Dada, hiyo blogu inafunguliwaje?"

Endang alirudi akakaa. Aliandika: kwanza fungua barua pepe. Halafu chagua jina la blogu. Halafu paswedi, mtu asiijue. Halafu andika majina, ila usiweke la mtu mwenye mume au ndugu humo kiwandani.

Kabla ya kutuma aliwapitia kichwani wale kumi na moja, mmoja mmoja, amtafute asiye na mtu ndani ya ukuta wa kiwanda. Hakumpata. Aliufuta mstari wa mwisho, akakaa akiutazama uwazi uliouacha, kisha akauandika upya kama ulivyokuwa, akatuma.